Tembo Tamu la Rabai na Mkate wa Bibi

Msomaji mpenzi, nakuomba usinihukumu kabla hujanisikiliza. Mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, niliyesomeshwa Kurani tangu utotoni na kulelewa na watu wasiokosa swala, miezi miwili iliyopita nilikwenda Rabai, nikasimama chini ya mnazi, nikapokea kikombe kutoka mkononi mwa mgema, nikasema bismillahi, nikaonja tembo.

Kabla hujalikunja gazeti kwa hasira, niruhusu nikueleze lilikuwa tembo gani, la saa ngapi, na ni jambo gani lililonipeleka huko. Kwani katika habari ya tembo, kama utakavyoona, saa ndiyo kila kitu.

Jambo lililonipeleka ni mkate.

MKATE WA IDI

Sisi Wapwani tunaujua mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina. Mchele huloweshwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui zito hata ukawa laini, ukatiwa sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa katika sinia iliyopakwa samli na kupikwa kwa moto wa chini na moto wa juu. Siku hizi kinachouumua ni hamira ya dukani. Lakini bibi zetu wengi waliumua kwa tembo la mnazi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na sifa mtaani kwa mkate huo. Ulikuwa mweupe, una matundu madogo madogo kama sega la nyuki, na ukiutafuna unasikia utamu kwanza, halafu uchachu mdogo unaokuja nyuma na kuondoka. Kila siku ya mkate, kazi yangu mimi mjukuu ilikuwa kwenda Mwembe Tayari kulingojea basi litokalo Rabai, nipokee chupa moja iliyofungwa mdomo kwa kitambaa, niilete nyumbani mbio. Nasema mbio kwa sababu bibi alikuwa akinisubiri mlangoni na unga umekwisha sagwa, na ole wangu nikichelewa.

Ikafika siku ya Idi mwaka 1969, nami nina umri wa miaka minane. Baba yangu wakati huo alikuwa kijana aliyemaliza masomo yake ya dini karibuni, na kama kijana yeyote aliyetoka chuoni, alikuwa na moto. Mkate ulipoletwa aliuangalia, akauliza kwa adabu:

"Mama, huu umeumuliwa kwa nini?"

"Kwa kile kile kilichoumua mkate uliokula tangu ulipoota meno," bibi akajibu.

Baba akaisogeza sahani mbele, akasema kwamba yeye hatakula tena kitu kilichoingia tembo. Hakupandisha sauti. Lakini chumba kizima kilinyamaza, na wageni wakatazama mikeka. Bibi hakujibu neno. Tangu siku ile alinunua hamira dukani, na mimi sikutumwa tena Mwembe Tayari. Mkate uliendelea kupikwa na baba akaendelea kuula, ila bibi mwenyewe hakuuonja tena mpaka alipofariki mwaka 1987. Habari ile haikuzungumzwa nyumbani kwetu.

Mwaka huu, tumekaa kwenye Idi, binti yangu akamuuliza babu yake kwa nini watu wazima wa mtaa bado wanausifu mkate wa marehemu. Baba, ambaye sasa ana miaka themanini na kitu, akatazama chini asijibu. Nikajiambia moyoni kwamba yafaa nijue, maadamu ningali na uhai. Je, bibi yangu alikuwa akitulisha kileo, au sivyo?

CHINI YA MINAZI

Nina rafiki, mwalimu mstaafu, anayekaa Mazeras. Nilimwandikia shida yangu, naye akanipatia mgema mmoja wa Rabai, mzee aliyepita miaka sabini, ambaye baba yake alikuwa mgema kabla yake. Nililala kwa rafiki yangu, nikaswali alfajiri hapo, kisha tukapanda gari la kwanza.

Asiyeijua Rabai aelewe kwamba ni vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, ng'ambo ya vijito vya bahari, ambako Johann Krapf alianzisha misheni mwaka 1846. Minazi imesimama juu ya vilima hivyo hadi Ribe na Kaloleni, mingine mirefu kupita nyumba za ghorofa sita. Mnazi wa asili yetu huanza kuzaa ukifika miaka sita au saba, na unaweza kumzika aliyeupanda na pengine mwanawe pia.

Tulimkuta mzee amekwisha kupanda minazi miwili. Alishuka kwa kukanyaga ngazi zilizochongwa katika shina, kotama yake imechomekwa kiunoni na kibuyu kinaning'inia begani. Kotama ni kisu kipana kilichopinda, na makali yake ni ya kunyolea ndevu.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Mwalimu ameniambia umekuja kutafuta tembo lisilolevya. Watu wote wanaokuja hapa wanatafuta lile linalolevya. Kaa kitako, leo nimepata mgeni mpya."

Kazi ya ugema aliifafanua hivi. Mnazi hutoa karara jipya karibu kila mwezi. Karara ni ule mfuko mgumu uliofunika maua, na maua yale yakiachwa yatakuwa vidaka, kisha madafu, kisha nazi, baada ya muda wa mwaka mzima. Mgema halingoji karara lipasuke. Hulifunga kwa kamba, akalipinda kidogo kidogo kila siku hata lielekee chini, akalikata ncha. Utomvu huanza kudondoka, naye huufungia kibuyu. Kila asubuhi na kila jioni hana budi kupanda kukinga na kukata ncha kipande chembamba kama jani, maana kidonda kikikauka utomvu husimama. Karara moja laweza kugemwa mwezi na zaidi, na mnazi mzuri hutoa kama lita moja na nusu kwa siku.

"Basi unaona," akasema, "anayegema hali nazi, na anayekula nazi hagemi. Lakini nazi inataka mwaka, na mtoto anataka karo mwezi huu."

Nilimwuliza juu ya methali yetu, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alicheka hata akakohoa. "Ni kweli. Ukimsifu wanunuzi wanakuwa wengi, na mnazi hauongezi hata tone. Afanyeje?" Akanieleza kwamba mnywaji mzoefu hadanganyiki. Tembo lililotiwa maji povu lake hufa upesi, na weupe wake huwa wa kubabaika. Tembo kali zuri, alisema, huzungumza lenyewe kibuyuni. Haya nayaeleza kwa ulimi wake, si kwa wangu.

KIBUYU CHA MKATE

Nikamweleza habari ya bibi na ya chupa. Bibi yangu hakumjua, wala sikutarajia amjue. Lakini nilipotaja Mwembe Tayari aliweka kotama chini.

"Chupa za mkate!" akasema. "Baba yangu alikuwa akizipeleka. Akina mama wa mjini, Waislamu. Zile hazikutoka katika vibuyu hivi."

Akaniletea kibuyu cha kazi, nikachungulia ndani. Kilikuwa kimeota ukoga mweupe kutoka shingoni hadi chini. Hayo ni mashapo ya siku nyingi, na mgema hayaoshi kwa makusudi. Ndiyo yanayofanya tembo liwe kali upesi. Utomvu ukidondoka juu yake, hauchukui muda unaanza kuchemka. Na tena, tembo la asubuhi limekaa kibuyuni usiku kucha, saa kumi na mbili nzima, likidondokea juu ya ukali wa jana. Hilo, alisema, likifika chini limekwisha kuwa kileo, hata kama bado lina utamu.

"Sasa la mkate," akaendelea, "baba alikuwa na vibuyu vyake mbali. Vimechemshiwa maji ya moto, vikakaushwa juani. Alfajiri akipanda kushusha la usiku, alikata ncha upya, akafunga kibuyu safi. Akangoja kama saa moja na nusu. Halafu akapanda tena minazi ile ile kushusha kile kidogo kilichodondoka. Mama yangu alikuwa akimgombeza. Mara ya pili ile ilikuwa ya nini, na miguu imechoka? Kila mnazi unatoa chini ya kikombe. Baba akasema, hawa wamenipa amana."

Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Mnazi wa lita moja na nusu kwa siku hutoa kwa saa moja na nusu kiasi cha kikombe kidogo tu. Ili kupata nusu lita ya tembo la mkate, yule marehemu alilazimika kupanda minazi mitano au sita kwa mara ya pili, kila mmoja mita 15 au 20, kwa ajili ya watu wa dini si yake, ambao hakuketi nao kula.

Mzee alikuwa amejitayarisha kabla sijafika. Vibuyu sita vilivyochemshwa vilikuwa juu tangu alfajiri. Akapanda. Rafiki yangu mwalimu na mimi tulisimama chini tukiangalia nyayo zake zikitafuta ngazi, na sikuona raha mpaka alipoteremka kutoka mnazi wa sita.

NILIVYOONJA

Alimimina katika kikombe cha bati kupitia kitambaa, maana nyuki nao wanalipenda. Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyooshewa mchele. Nilinusa kwanza. Palikuwa na harufu ya dafu na ya jani bichi lililokatwa sasa hivi. Mzee akanyanyua kikombe, akakitia sikioni mwake kama mtu anayesikiliza saa, akatikisa kichwa. "Hili bado liko kimya. Kunywa."

Nikaonja. Ni utamu wa maji ya mua, lakini mwepesi zaidi, na ndani yake muna chumvi ya mbali kama ya dafu changa. Ulimi ulingojea uchachu, usiupate ila mwishoni kabisa, mdogo kama nukta. Nilimeza matatu, nikamshukuru Mungu, nikarudisha kikombe. Na papo hapo, katika ule uchachu wa mwisho, niliukumbuka mkate wa bibi kana kwamba nimeutia mdomoni.

Kisha mzee akanipa somo la pili. Akanimiminia kikombe kingine kutoka katika kibuyu cha kazi, si kwa kunywa bali kwa kutazama. Povu lilipanda hadi ukingoni. Nilikitia sikioni nikasikia kinaungulika kama samaki kikaangoni. Harufu yake ilinifikia kabla sijakikaribia. Ni mnazi ule ule, asubuhi ile ile, utomvu ule ule. Tofauti ni kibuyu na saa.

Wataalamu wanaeleza sababu yake. Utomvu wa mnazi una sukari nyingi, baina ya sehemu 12 na 17 katika kila mia. Viumbe vidogo vya hamira visivyoonekana kwa macho viko hewani, kwenye karara na ndani ya kibuyu kichafu. Vikiupata hula sukari, vikatoa hewa na ulevi. Saa chache tu zinatosha kuupata ulevi, na kwa siku moja huweza kufikia sehemu 5 na zaidi katika mia, sawa na bia. Likiachwa siku nyingi, viumbe wengine huugeuza ulevi ule kuwa siki. Kwa hiyo kile kinachoumua mkate kwa tembo na kile kilichomo katika kopo la hamira ni ndugu wa tumbo moja.

TEMBO NA UJIRANI

Haifai kulitaja tembo kwa Mmijikenda kama kwamba ni kinywaji tu. Kwake ni heshima ya wazee na ni haki. Anayepeleka kesi kwa wazee wa kaya hutoa kadzama, yaani kibuyu cha tembo. Anayeposa hali kadhalika, na matanga bila tembo huonekana kuwa ya aibu. Mwanachuoni David Parkin, aliyekaa na Wagiriama katika nchi ya minazi, aliandika kitabu mwaka 1972 kuhusu mambo haya, jina lake Palms, Wine, and Witnesses. Ndani yake amesimulia watu walioshikwa na pepo, na mganga akaagua kwamba pepo anataka mtu huyo awe Mwislamu. Tangu hapo mtu yule hakunywa tembo wala kula pamoja na majirani wasiokuwa Waislamu. Parkin aliona kwamba wengi wao walikuwa watu wanaokusanya minazi na mashamba, na kwamba kutoketi kwenye tembo kuliwaepusha na gharama za ujamaa.

Nilimtajia mzee habari hiyo. Akasema, "Ndugu yake baba alikuwa hivyo. Baba hakumchukia. Alimchemshia kibuyu chake."

Kwa upande wetu nasi tumekuwa na tabia ya kuukunjia uso ugema wote, kana kwamba mtende na mnazi zilizaliwa na dhambi. Tumesahau kwamba kutoka kwenye tembo tamu hupatikana vitu viwili ambavyo hata shehe mkali hana neno navyo.

La kwanza ni asali ya tembo. Bibi wa nyumba ile alitupikia mbele ya macho yetu. Utomvu huwekwa motoni ukiwa bado mtamu, haujaanza kuchacha, ukachemshwa mpaka lita tano au sita zibaki moja, nzito, ya rangi ya ukwaju. Niliipaka juu ya muhogo wa kuchemsha. Ina harufu ya moshi na utamu usiochosha. Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliieleza asali hii katika habari zake za Dhofar, nchi ambayo leo ni sehemu ya Oman. Alisimulia jinsi wapandaji walivyofunga vyombo kwenye shina la ua la mnazi, wakakusanya matone asubuhi na jioni, na wakayapika. Alisema wafanyabiashara wa Bara Hindi, Yemen na China waliinunua wakaipeleka makwao. Basi ni kitu cha bahari yetu hii hii, cha karne na karne.

La pili ni siki, nayo nitaifikia.

CHUPA NILIYOIRUDISHA

Shaka moja ilikuwa bado inanikera. Tembo la chini ya mnazi ni jambo moja, na tembo lililosafiri mpaka Mombasa ni jambo jingine. Mzee alisema basi la zamani liliondoka saa moja na nusu, likafika mjini kabla ya saa tatu. Basi nikaijaza chupa tembo lile tamu, nikaifunga mdomo kwa kitambaa kama zamani, nikaipakata garini.

Tulipofika Mazeras ilikuwa kimya. Tulipofika Changamwe niliona viputo vinapanda. Nilipoingia nyumbani, yapata saa nne, niliitia sikioni, nikaisikia inaanza kuzungumza. Sikuionja. Shaka ikiingia, aliyeshika dini huacha.

Nilikaa kitini na chupa mkononi, na hapo ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau miaka zaidi ya hamsini.

Siku moja nilipotumwa Mwembe Tayari, nilikuta watu wamemzunguka mtu mwenye nyani anayecheza ngoma. Nilisimama nikatazama, nikajisahau. Nilipofika nyumbani bibi aliipokea chupa, hakunipiga. Aliifungua, akainusa. Akaitia sikioni. Halafu akatoka nayo mpaka kwenye mchirizi wa maji machafu, akaimwaga yote, akaisuuza chupa mara tatu. Siku ile hatukula mkate. Uji wa mchele na tui aliutia sukari tukaunywa. Mimi nilidhani ananiadhibu.

Mara nyingine pia alimwaga, basi lilipochelewa. Nilikuwa nikiona ni hasara tu na ukaidi wa wazee. Kumbe bibi yangu, ambaye hakwenda chuoni wala hakuweza kutaja jina la kitabu kimoja cha fikihi, alikuwa na mizani yake. Alipima kwa pua na kwa sikio. Lililo kimya alilitia katika unga pale pale, na lililoanza kuzungumza alilimwaga. Ndiyo sababu alisimama mlangoni, na ndiyo sababu nilitakiwa kukimbia.

Nilimwendea mwalimu wangu wa dini nikamweleza yote, bila kumficha hata yale mafunda matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba kinachotazamwa ni hali ya kitu wakati kinapotumiwa. Maji ya zabibu, ya tende au ya mnazi ni halali maadamu hayajafikia kulevya, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akirowekewa tende au zabibu, akanywa kwa siku zisizopita tatu, kisha kilichobaki kikamwagwa. Kikishakuwa cha kulevya, kingi chake na kichache chake ni sawa katika uharamu, na kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi pia, hakifai kutiwa katika unga. "Baba yako hakukosea kuogopa," akasema. "Tembo linalouzwa aghalabu ni la kulevya. Na bibi yako, kama alivyofanya ndivyo unavyosimulia, naye hakukosea. Walichokosa ni kuulizana."

Kuhusu chupa, alinieleza kwamba maadamu niliichukua likiwa tamu, na nia yangu ni siki, niiache igeuke yenyewe bila kuitia kitu chochote. Ikigeuka yenyewe, ni halali na ni tohara. Mwenye shaka katika jambo lake binafsi na amwulize mwanachuoni wake, asitosheke na gazeti.

Niliiweka chupa juu ya rafu ya jikoni, imefunikwa kitambaa. Wiki ya kwanza ilinuka kileo, na watoto wakanilalamikia. Wiki ya pili na ya tatu harufu ikawa kali, ya kupanda puani. Baada ya mwezi na siku kadhaa ilikuwa siki safi, ya rangi ya majani makavu, haina ulevi tena ndani yake, na chini mmetulia mashapo.

SIKI MEZANI

Ijumaa iliyopita baba alikuja kula kwetu baada ya swala. Palikuwa na wali, samaki wa kukaanga, na achari ya embe mbichi na pilipili niliyoitengeneza kwa siki ile. Alikula kidogo, akasimama.

"Siki hii ya wapi?"

"Ya Rabai, baba. Ya kwa mgema."

Akaniangalia. Basi nikamsimulia, polepole, tangu chupa za mkate na vibuyu vilivyochemshwa na yule mzee aliyepanda minazi mara ya pili, mpaka mchirizi ule na chupa iliyosuuzwa mara tatu. Niliyasema yote bila kumlaumu, kwani yeye ni baba yangu, na siku ile alisema alichokiamini kuwa haki.

"Alikuwa akimwaga?" akauliza.

"Akimwaga, baba. Nimemwona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja."

Alinyamaza muda mrefu. Binti yangu alitaka kusema neno, nikamkonyeza anyamaze.

"Mbona hakuniambia?" akasema.

Sikuwa na jibu. Nilimsogezea bakuli. Baba akachota achari, akaiweka juu ya wali, akatafuna. Akachota tena.

Mwezi ujao inshallah ninarudi Rabai kununua asali, na mzee ameniahidi kibuyu kimoja kilichochemshwa. Ninakusudia kwenda na unga wa mchele uliokwisha sagwa na tui lake, nikauumue kule kule chini ya mnazi, lingali kimya. Baba ameuliza kama garini kuna nafasi.